Wiki moja Zanzibar kwa familia ya Tukuyu: anza na siku na maji, hoteli baadaye

Swali: Mimi ni mwalimu, naishi Tukuyu. Msimu uliopita parachichi zilitulipa vizuri, na mume wangu ameniahidi kwamba Juni shule zikifungwa tutakwenda Zanzibar wiki moja: sisi wawili, watoto wetu wa miaka 11 na 6, na mama mkwe mwenye miaka 68. Mama ana presha na magoti yanamsumbua. Bahari hatujawahi kuiona hata mmoja wetu, tumezoea ufuko wa Matema wa Ziwa Nyasa tu. Mama anaogopa boti kwa sababu ya ajali alizozisikia redioni. Kila ninayemuuliza ananitajia hoteli. Nianzie wapi, tukae upande gani, na fedha isiishie njiani?

Jibu:

Mwalimu, hongera kwa parachichi, na hongera zaidi kwa kumweka mama katika hesabu. Familia nyingi za huku kwetu zikipanga safari ya pwani humwachia bibi nyumba na kuku, kisha zinarudi na picha za kumwonyesha.

Kazi yangu hapa Mbeya ni kuwapangia watu wa nyanda za juu safari za pwani, kuanzia Vwawa hadi Mafinga, na ningependa kila mmoja aanze na swali lako: nianzie wapi. Anza na siku, kisha uangalie maji. Ukishayajua hayo mawili, hoteli haitakusumbua. Anayeanza na hoteli mara nyingi hulipia chumba kizuri halafu akakuta bahari imekimbia saa ileile anayotaka kuogelea, au anafika amechoka kiasi kwamba siku mbili za kwanza ni za kulala.

Tukuyu hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 900. Basi likiondoka alfajiri, mnafika usiku. Kurudi ni vivyo hivyo. Kwa hiyo wiki yako moja, hata ukiihesabu Jumamosi hadi Jumamosi, inakupa takribani siku tano za kukanyaga kisiwani, na hizo ndizo za kupangia. Usiruhusu mtu akujazie ratiba ya vijiji sita kwa siku tano. Kwa watoto wawili na bibi mwenye magoti, sehemu mbili za kulala zinatosha kabisa.

Ratiba ambayo ningewapa watu wangu mwenyewe ni hii. Jumamosi mnasafiri, mnalala Dar. Jumapili mnavuka kwa boti ya mchana, si ile ya alfajiri, ili mama apate kulala vizuri. Usiku wa Jumapili na Jumatatu mnalala Mji Mkongwe. Jumanne asubuhi mnaelekea Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki, mkipitia msitu wa Jozani ambao uko njiani, na mnakaa huko usiku tatu. Ijumaa mnarudi mjini na kuvuka, mnalala Dar, Jumamosi mnapanda basi la nyumbani.

Kuhusu basi, siku hizi yapo yanayosafiri usiku, na wengi huyapenda kwa sababu wanaokoa pesa ya kulala. Kwenu ninyi chagueni la mchana. Watoto waone mteremko wa Kitonga wakiwa macho, na mkipita Mikumi alasiri wataona twiga, pundamilia, pengine na tembo, kandokando ya barabara na bila kulipa kiingilio. Hiyo nayo ni sehemu ya likizo, na umeshailipia kwenye nauli. Mama akae kiti cha upande wa njia, ashuke kila kituo, atembee hata hatua chache, maana kukaa saa kumi na mbili bila kunyoosha miguu kunaivimbisha. Dawa zake za presha zikae kwenye mkoba wake mwenyewe. Zisiende kwenye buti la basi.

Treni ya TAZARA ni safari nzuri kuliko zote za ardhini katika nchi hii kwa mtu mwenye nafasi. Kati ya Makambako na Mlimba inapita kwenye mahandaki na madaraja juu ya mabonde ambayo huyaoni kwa barabara, kisha inakatiza hifadhi ya Nyerere. Lakini ni safari ya siku nzima na usiku wake, na saa za kufika huweza kusogea. Mwenye wiki moja na watoto asiitegemee. Kama moyo unakutuma, iweke likizo nyingine iwe safari yenyewe.

Ndege kutoka uwanja wa Songwe hadi Dar huchukua saa moja na kidogo. Najua kwa watu watano ni hela nyingi. Lakini fikiria kumrudisha mama kwa ndege, yeye na mtu mmoja wa kumsindikiza, mkate tiketi mapema. Wakati wa kwenda mwili bado una hamu ya safari na uchovu hausikiki sana. Kurudi ndiko kunakoumiza wazee.

Sasa maji, na hapa naomba unisome polepole, kwa sababu Matema hakukukuandaa kwa hili. Ziwa Nyasa ulilolizoea liko palepale asubuhi na jioni. Bahari ya Hindi hupwa na kujaa mara mbili kila siku. Upande wa mashariki wa Unguja, yaani Matemwe, Kiwengwa, Paje, Jambiani, pwani ni tambarare mno, na maji yakipwa vizuri yanaweza kurudi nyuma kilomita nzima au zaidi. Unatoka chumbani saa nne asubuhi na taulo begani, mbele yako unaona mchanga, madimbwi, na mstari mweupe wa mawimbi yanayopasuka kwenye mwamba huko mbali. Nimewasikia wageni wakisema wametapeliwa. Hakuna aliyewatapeli. Hawakuambiwa habari ya mwezi tu.

Mambo yako hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, siku hizo na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti kati ya juu na chini inakaribia mita nne. Katikati ya vipindi hivyo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, bahari haijai sana wala haikimbii sana. Na kila siku saa za kujaa husogea mbele, kwa wastani dakika hamsini hivi.

Unguja, siku za bamvua, maji huwa yamepwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi alasiri. Kwa familia yenye watoto wasiojua kuogelea, hakuna mpangilio bora kuliko huo. Asubuhi mnaingia baharini kwa miguu, jua halijawa kali. Mchana wa joto mnakula na kupumzika kivulini. Saa tisa hadi kumi na moja bahari inarudi mpaka mlangoni, ya joto, haina kina, mawimbi makubwa yamezuiwa na mwamba huko nje. Mnaoga hadi mtoto wa miaka sita aombe mwenyewe kutoka.

Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi yoyote, fungua kalenda yenye miezi, tafuta mwezi mpevu au mwandamo unaoangukia ndani ya likizo ya Juni, na uchague wiki ambayo siku hiyo iko karibu na Jumanne au Jumatano. Likizo ina wiki kama nne, na bamvua huja kila baada ya wiki mbili hivi, basi nafasi unayo. Baina ya mwezi mpevu na mwandamo, ningechukua mpevu, kwa sababu Jambiani usiku mwanga wake unatosha kukaa nje bila taa. Kisha tafuta kwenye simu jedwali la maji kupwa na kujaa la Zanzibar kwa tarehe hizo, uliandike kwenye karatasi, ulibandike mlango wa chumba. Ukichelewa ukaangukia maji mafu, msikate tamaa: siku hizo maji hujaa asubuhi, mtabadilisha tu zamu, kuoga asubuhi na kutembea jioni.

Wapo watakaokuambia uende Nungwi au Kendwa, kaskazini, kwa sababu kule bahari haikimbii na unaogelea saa yoyote. Wanasema kweli. Tena Juni upepo wa kusi unavuma kutoka kusini mashariki, na fukwe za Kendwa zina kinga kuliko za mashariki. Kwa vijana wawili wanaojua kuogelea na wanaopenda muziki usiku, ningewapeleka huko moja kwa moja. Lakini kule kina huja haraka, na jioni kuna kelele za baa. Wewe una watoto wawili ambao hawajawahi kuonja maji ya chumvi, na mama anayeogopa. Jambiani pana upepo wakati wa kusi, ni kweli, lakini kwa mtu aliyezoea baridi ya Rungwe upepo huo ni rehema. Paje iko jirani, ila upande huo anga na maji vimejaa watu wanaovutwa na tiara kubwa juu ya mbao, na kamba zao si salama kwa mtoto anayecheza majini. Sogeeni kusini zaidi.

Hiyo asubuhi ya maji kupwa ndiyo kitu ambacho ningependa watoto wako wasikikose. Wavalishe yeboyebo zinazobana mguu, kila mmoja na zake, na mama pia. Chini kuna wadudu wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi, na mwiba wake ukikatikia kwenye unyayo unaharibu siku mbili. Tembeeni kwenye mchanga mweupe, msikanyage majani wala mawe. Kwenye madimbwi mtaona viti vya pweza, yaani viumbe wenye umbo la nyota, wekundu na wa kahawia, kaa wadogo, na samaki wenye mistari waliosahaulika na bahari mpaka irudi. Mtakuta akina mama wa kijijini wamejifunga kanga kiunoni, maji yakiwafika magotini, wanafunga mwani: kamba ndefu imetandazwa kati ya vijiti viwili, na juu yake kila baada ya kiganja kimoja wanafunga kichipukizi kwa kikamba chembamba. Kilimo hiki kilianza pwani hii mwaka 1989, na mwani huvunwa baada ya wiki sita hivi, ukaanikwa na kuuzwa nje, ambako hutengenezwa vitu vya kuzidishia uzito dawa ya meno na aiskrimu. Ninyi ni wakulima. Salimieni, ulizeni bei ya kilo na shida za zao. Mtaongea lugha moja na hao mama kuliko mtalii yeyote, na mama mkwe wako atakuwa na cha kusema. Picha mwombeni ruhusa kwanza. Na mwe mmeanza kurudi kabla maji hayajageuka vizuri, kwa sababu bahari ya tambarare hurudi kwa kuzunguka nyuma ya watu kupitia mifereji midogo, na anayeumwa magoti hawezi kukimbia. Mwachieni mama matembezi mafupi ya karibu na ufuko.

Habari ya kuogelea niiseme wazi. Kujua kuogelea Matema kunasaidia, lakini hakuna mtoto atakayeingia majini bila mtu mzima aliye ndani ya maji pamoja naye, umbali wa kumshika mkono. Mtu mzima aliyekaa kwenye kiti na simu hahesabiki. Mkitaka kupanda ngalawa kwenda kuona mwamba, nendeni maji yamejaa na upepo umetulia, na jaketi okozi lazima liwepo kwa kila mmoja, likiwemo dogo la mtoto, mlivae kabla hamjapanda. Nahodha akisema hakuna haja, tafuteni nahodha mwingine.

Hofu ya mama kuhusu boti ina msingi, na usimcheke. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba ikiwa imebeba watu kupita kiasi, na Julai 2012 MV Skagit ikazama ikitoka Dar kwenda Unguja wakati wa upepo wa kusi. Watu wengi walikufa, na kila familia ya Zanzibar inamjua aliyepotea. Mweleze mambo mawili. Boti za mwendo kasi za abiria zinazovuka leo kati ya Dar na Unguja huchukua saa mbili hivi, tiketi ina jina la abiria na kitambulisho hukaguliwa. Pili, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi, na likitolewa tangazo la namna hiyo mnaahirisha safari bila mjadala, hata kama mmeshalipa. Ndiyo sababu nakushauri usipange siku ya kuvuka kurudi iwe siku ileile ya basi. Mkilala Dar mna usiku mmoja wa ziada kwa dharura.

Kichefuchefu cha boti kipo Juni, kwa sababu kusi linatikisa mkondo. Kaeni ghorofa ya chini ya boti, katikati kuelekea nyuma, ambako mtikisiko ni mdogo. Kuleni kitu chepesi saa moja kabla, mkate mkavu au ndizi, si supu ya mafuta. Dawa za kuzuia kutapika zinazouzwa famasi hunywewa kabla ya kupanda, zikichelewa hazisaidii, na kwa mama anayetumia dawa za presha mwulize kwanza daktari wake anayemhudumia. Kama bado hataki kusikia habari ya boti, kutoka Dar hadi Unguja kuna ndege ndogo za dakika ishirini hivi. Usimburute majini kwa nguvu, likizo yake yote itaharibika kwa siku moja.

Tiketi ya boti mkate kwenye ofisi yenyewe au kwenye mtandao wa kampuni. Bandarini Dar kuna vijana wanaokupokea begi na kukuambia ofisi imefungwa, nifuate. Shikeni mabegi yenu, nyamazeni, mwingie ndani ya geti. Raia hahitaji pasipoti kwenda Zanzibar, lakini kitambulisho cha NIDA kila mtu mzima awe nacho mkononi, na watoto wabebeeni nakala za vyeti vya kuzaliwa. Fedha ni shilingi ileile, simu ni zilezile.

Sasa Mji Mkongwe, ambako ningependa mkae siku mbili na msizidishe. UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, na kwa watoto wa shule ni darasa lisilo na ubao. Asubuhi ya Jumatatu nendeni Mkunazini, kwenye Kanisa Kuu la Anglikana lililojengwa pale lilipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Kuna vyumba vya chini ambamo inasimuliwa kwamba watu waliwekwa kabla ya kuuzwa, dari iko chini na hewa nzito. Mtoto wa miaka 11 mpelekeni, mweleze ukweli. Wa miaka sita abaki juu na bibi yake. Ndani ya kanisa mwonyesheni msalaba wa mbao ambao, kama waongozaji wanavyoeleza, ulitengenezwa kwa mti uliozikiwa moyo wa Livingstone huko Chitambo, Zambia. Watoto waliozoea kuona milima ya Livingstone ikiwa ng'ambo ya Matema watashika somo hilo mara moja, na wewe ni mwalimu, hutahitaji mimi nikueleze la kufanya baada ya hapo.

Mchana mwavushe watoto kwenda kisiwa cha Changuu, dakika ishirini na tano au thelathini kwa mashua, wakawalishe kobe wakubwa ambao wazazi wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Mama abaki hotelini alale. Jioni wote mwende Forodhani, bustani ya ufukweni mjini ambako vyakula huuzwa usiku. Kuleni urojo, mishkaki, chapati ya mayai na nyama wanayoiita pizza ya Zanzibar, mnywe maji ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Uliza bei kabla hujanyoosha kidole, na samaki chagua aliye motoni, usichukue aliyekaa mezani tangu jua lilipozama. Chakula cha mchana kiko nafuu kwa mama lishe wa soko la Darajani kuliko popote ufukweni, na mama atakutana na ndizi mbichi za kupikwa kwa nazi. Atazilinganisha na zake za Rungwe, na nadhani atashinda.

Mapapasi watawafuata mitaani wakitaka kuwatembeza. Wakatae kwa upole, kwa Kiswahili, kwa salamu. Mkishasema "ahsante kaka, sisi ni wa hapahapa Tanzania," wengi wanaachia. Vaa gauni linalofunika magoti na kanga ya mabega mkiwa mjini na vijijini, mavazi ya kuogea yaishie ufukweni. Ni mji wa Waislamu wanaoswali, na heshima hiyo hurudishwa kwenu mara kumi.

Ziara ya mashamba ya viungo ya Kizimbani wengi huiona ni ya wazungu. Kwa familia ya wakulima ni kinyume chake. Watoto wakiona karafuu mtini, mdalasini unavyobanduliwa, pilipili manga inavyopanda juu ya mti mwingine, wanapata kulinganisha na chai na kakao wanazozijua. Kama fedha inaruhusu kitu kimoja tu cha kulipia zaidi ya Changuu, chagueni hiki. Safari za kufukuza pomboo Kizimkazi ziacheni kabisa. Mashua nyingi huwazingira wanyama wale hadi wakakosa pa kupumua, na ninyi hamwezi kuruka majini. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani wenye maandishi ya mwaka 1107 ndio wa kwenda kuona huko, kama mtapata muda, ingawa nadhani hamtaupata.

Kuhusu malazi, sasa tumefika. Mji Mkongwe nyumba zina ngazi nyembamba za mwinuko mkali, kwa hiyo swali la kwanza kwa simu ni hili: kuna chumba cha chini kabisa? Magoti ya mama yanategemea jibu hilo. Jambiani tafuteni nyumba ya wageni yenye jiko, mkapike wenyewe mlo mmoja kwa siku. Bebeni kilo chache za mchele wa Kyela, samaki mtanunua kwa wavuvi wanaporudi. Hapo mtaokoa zaidi kuliko kwa kubembeleza punguzo lolote. Mwulize mwenye nyumba kama bei ni ya chumba au ya kichwa, kama kuna kifungua kinywa, kama kuna vyandarua, na useme mapema kwamba ninyi ni Watanzania, kwa sababu sehemu nyingi zina bei ya wenyeji ambayo haiandikwi kwenye mtandao. Malipo ya awali yaende kwenye lipa namba yenye jina la biashara hiyo. Ukiletewa namba ya mtu binafsi na kuambiwa uharakishe kwa sababu kuna mwingine anakitaka chumba, acha.

Juni mnapata nafuu nyingine. Masika yameisha Mei, na wageni wa Ulaya hujaa Julai na Agosti, hivyo sehemu nyingi hupandisha bei ikifika Julai. Nendeni kabla. Kamvua kakitokea, kwa watu wa Tukuyu si habari.

Fedha igaweni hivi kabla hamjatoka: hesabuni kwanza viti kumi vya basi na kumi vya boti, kwenda na kurudi kwa watu watano, na usiku mbili za Dar. Hiyo ilipwe yote mkiwa bado nyumbani. Kinachobaki ndicho cha kisiwani, na sehemu moja kati ya tano ya hicho mwekee mama pembeni kwa ajili ya hospitali au tiketi ya ndege ya ghafla. Isipotumika, mrudi nayo. Zawadi ziwe viungo na kanga. Msinunue makombe, matumbawe wala kitu chochote cha gamba la kasa, na vitu vya umeme vina ukaguzi wa forodha mkivuka.

Miili yenu. Mmezoea kuishi zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kule kuna joto la unyevu ambalo jasho halikauki, na mama mwenye presha asitembee juani kati ya saa sita na saa tisa. Maji anywe kabla ya kiu. Aende kliniki wiki mbili kabla ya safari, apimwe, achukue dawa za kutosha hadi wiki moja baada ya kurudi.

Malaria ni jambo ambalo watu wa baridi hulisahau. Zanzibar imeipunguza sana, lakini mnapita na kulala Dar, na ninyi wa juu kinga ya mwili ni ndogo kuliko ya watu wa pwani. Laleni kwenye chandarua kila usiku, Dar zaidi ya kwingine. Mtoto au mama akishikwa na homa ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi, mpelekeni akapimwe siku hiyohiyo, na mwambieni mhudumu kwamba mlikuwa pwani. Asipoambiwa, Tukuyu anaweza kudhani ni mafua ya baridi.

Ukishaipata wiki yenye mwezi mpevu, kata tiketi ya kurudi siku ileile unayokata ya kwenda. Likizo ikikaribia kuisha, mabasi ya kupanda huku juu hujaa wanafunzi wa bweni, na viti vitano vilivyo pamoja havipatikani. Masweta yabakisheni kwenye begi la mkononi. Makambako usiku wa Juni watoto watayaulizia.